Nani aliwafungulia geti ya kiwanda? Wanafunzi wa Japani kwa wazungu, 1863–1890



Kila mwaka, finalisti wetu wanapoanza kutafuta staji, ulizo ni lile lile: "Nani atanifungulia mlango?" Barua ya fakilte iko, muhuri iko, diploma ya Serikali iko. Lakini pale kwa geti ya kampuni mlinzi anauliza paka kitu kimoja: "Nani anakujua humu ndani?" Mtu akikosa jibu, anarudi nyumbani na barua yake mkononi. Wengine wanamaliza lisansi bila kugusa hata siku moja ile mashine waliyoiandikia memwari ya kurasa themanini.

Mimi nilisoma historia, basi ulizo hili ninalipeleka kwa historia. Kuna nchi ambayo vijana wake, miaka zaidi ya 150 iliyopita, walifika mbele ya mageti ya viwanda vya Ulaya bila kujua lugha vizuri, bila paspoti, tena wakiwa wametoroka kwao. Nchi hiyo ni Japani. Tumezoea kusema: "Wajapani wana akili, walienda kuangalia kazi ya wazungu, wakarudi wakajenga." Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ingine ni ya watu waliowasaidia: nani alilipa meli, nani aliwapa kitanda, nani aliongea na mwenye kiwanda, na kila mmoja alitaka nini kwa msaada wake. Tukiacha nusu hiyo, tutabaki kusifu Wajapani bila kujifunza kitu.

Kutoka nchini ilikuwa kosa la kufa

Tangu miaka ya 1630, utawala wa ukoo wa Tokugawa ulikataza Mjapani kutoka nchini. Ukitoka na ukirudi, adhabu ni kifo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1866 tu. Katikati, mwaka 1853, meli za kivita za Marekani zilikuja kulazimisha nchi ifungue bandari. Vijana wa tabaka la samurai walikasirika sana. Wengi walitaka paka jambo moja: kufukuza wageni kwa upanga.

Kati ya vijana hao wenye hasira walikuwemo Ito Hirobumi, Inoue Kaoru na Yamao Yozo, wa jimbo la Choshu. Mwezi wa kwanza 1863 walikuwa kwenye kundi lililochoma moto jengo jipya la ubalozi wa Uingereza pale Edo, mji tunaouita leo Tokyo. Miezi mitano hivi baadaye, hao hao watatu, pamoja na Endo Kinsuke na Inoue Masaru, walipanda meli kwa siri kwenda London. Juu ya nini? Juu walielewa kwamba upanga hausimamishi mzinga. Wakuu wa jimbo lao waliwaruhusu kimya kimya: kama nchi inataka kujilinda, lazima watu wake waende kuona pale mizinga inapotengenezwa.

Hapa tuone msaada wa kwanza, yaani meli na pesa. Meli ilitoka kwa kampuni ya Jardine Matheson, ambayo wakala wake wa Yokohama alikubali kuwaficha. Hakuwafanyia bure: bei ilikuwa ryo 1000 kwa kila mtu, pesa nyingi sana wakati ule. Jimbo liliwapa kidogo tu. Zingine walikopa, na dhamana ikawa pesa ambazo jimbo liliweka pembeni kwa kununua bunduki. Fikirini hapo kidogo: franga za bunduki zimesimama kama dhamana ya masomo!

Walikata nywele zao za kisamurai, wakavaa suti zisizowakaa mwilini, wakaondoka. Shanghai, walipoulizwa wanaenda kujifunza nini, walitaka kusema mambo ya jeshi la majini, lakini neno walilolitoa lilikuwa la kuendesha meli. Basi Ito na Inoue Kaoru wakawekwa kuvuta kamba na kupiga deki miezi mizima mpaka London, sawa mabaharia wa kawaida. Neno moja tu la lugha ya kigeni! Wenye kudharau kozi ya lugha wasikie hiyo.

Nyumba, chuo na jina la mtu

Walifika London mwezi wa 11, 1863. Pale walipokelewa na Hugh Matheson, mfanyabiashara wa familia ile ile. Ndugu zangu wa Katanga mtapenda kujua kwamba huyo Hugh Matheson, miaka 10 baadaye, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa kampuni ya migodi ya Rio Tinto. Yeye hakuwafundisha kitu mwenyewe. Alifanya kazi ndogo, lakini kubwa: aliwapeleka kwa mtu. Mtu huyo alikuwa Alexander Williamson, profesa wa kemia katika chuo cha University College London.

Chuo hicho pia tukielewe. Oxford na Cambridge za wakati ule zilikuwa za watu wa kanisa la Kiingereza. University College iliundwa mwaka 1826 bila kuuliza mwanafunzi anasali wapi. Wajapani hawa, ambao si Wakristo, waliingia hapo kwa sababu mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kwa Wayahudi na kwa wengine waliokataliwa kwingine. Mara nyingi mlango unaoingilia wewe ulifunguliwa zamani kwa ajili ya mtu mwingine.

Williamson na mke wake waliwapa wengine nafasi ndani ya nyumba yao. Mchana walikuwa kwenye maabara, na siku za kupumzika walitembezwa kuona kazi zinavyofanyika: viwanda, bandari, Benki ya Uingereza na namna noti zinavyochapwa. Endo Kinsuke alikuja kuwa mkuu wa kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, Osaka. Inoue Masaru alifuata mambo ya migodi na reli, na reli ya kwanza ya Japani, kati ya Tokyo na Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872. Hata leo Wajapani wanamwita baba wa reli yao. Ziara zile hazikuwa utalii. Kila mmoja alirudi na kazi yake kichwani.

Lakini tusipambe mambo. Baada ya wale watano, jimbo la Choshu lilituma vijana wengine, na msaada haukutosha kwa wote. Mmoja wao, Yamazaki Kosaburo, alikosa pesa ya chakula kizuri na nguo za baridi katika majira ya baridi ya London. Kifua kikuu kikamkamata. Familia ya Williamson ilimchukua na kumtunza, lakini alikufa mwaka 1866, akiwa na miaka ishirini na kitu. Kaburi lake liko Brookwood, nje ya London, pamoja na wenzake wengine wa Kijapani. Tunapohesabu mawaziri waliotoka katika safari hizi, tumhesabu na yeye. Kutuma mwanafunzi bila kumtunza ni hatari, si mchezo.

Satsuma: wanafunzi na wanunuzi katika kundi moja

Jimbo lingine, Satsuma, lilijifunza kwa maumivu. Mwezi wa 8, 1863, meli za Uingereza zilipiga mizinga mji wake wa Kagoshima. Mwaka 1865 Satsuma ikatuma watu 19 kwa siri, wote kwa majina ya uongo. Aliyepanga safari ni Thomas Glover, kijana wa Uskoti aliyefanya biashara Nagasaki tangu 1859. Glover hakuwa malaika: aliuza meli na bunduki, na jimbo lenye wasomi wanaopenda mashine za Uingereza ni mteja mzuri wa kesho. Jardine Matheson nao walitajirika China kwa biashara ya afyuni. Waliowasaidia wanafunzi walikuwa na hesabu zao. Wanafunzi walijua, wakachukua msaada, na wakashika hesabu zao pia.

Mpango wa Satsuma ulikuwa na akili nyingi. Kundi halikuwa la wanafunzi peke yao. Ndani yake kulikuwa wakubwa wachache wenye kazi ya kuongea na makampuni, kama Godai Tomoatsu na Niiro Hisanobu. Vijana walibaki London kusoma, na Godai alizunguka kuona mashine na kununua.

Mwezi wa 7, 1865, wanafunzi hao walipelekwa Bedford, kwenye kiwanda cha ndugu wawili wa ukoo wa Howard, waliotengeneza majembe na mashine za kulima kwa mvuke. Walionyeshwa kazi tangu chuma kinapoyeyushwa, kisha wakaenda shambani, na baadhi yao wakashika mashine na kuziendesha wenyewe. Magazeti ya Uingereza yaliandika juu ya siku hiyo. Mwenye kiwanda hakupoteza kitu: alionyesha bidhaa yake kwa watu wa nchi ambayo bado haijanunua. Wao nao waliona kwamba nguvu ya Uingereza haitoki kwa mizinga peke yake, inatoka pia kwa shamba.

Godai akaenda Oldham, kwa Platt Brothers, watengenezaji wakubwa wa mashine za kusokota pamba. Akaagiza mashine. Mwaka 1867 kiwanda cha kwanza cha Japani cha kusokota nyuzi kwa namna ya Ulaya kikafunguliwa Kagoshima, pamoja na mafundi 7 Waingereza. Mafundi hao walirudi kwao baada ya mwaka mmoja hivi, kwa sababu ya fujo za siasa, lakini Wajapani waliendelea kuendesha mashine. Hicho njo kipimo cha ziara: je, mgeni akiondoka, mashine itazunguka kesho?

Na sasa sikilizeni, maana hapa habari inatukaribia. Mwezi wa 10, 1865, Godai na Niiro walikuwa Brussels. Walitia sahihi mkataba na Charles de Montblanc, mtu wa ukoo mkubwa mwenye mali Ubelgiji na Ufaransa, ili kuunda kampuni ya biashara kati ya Satsuma na Ubelgiji. Kampuni yenyewe haikusimama. Lakini tazameni tarehe. Mwezi wa 12 wa mwaka ule ule, Leopold II alipanda kwenye kiti cha ufalme.

Paundi 1 kwa kila mtu

Habari ninayopenda kuliko zote ni ya Yamao Yozo. Alitaka kujifunza kujenga meli, lakini meli zinajengwa Glasgow, na yeye yuko London bila pesa ya treni na ya kuishi. Nyumbani, jimbo lake la Choshu na jimbo la Satsuma walikuwa maadui. Miaka michache nyuma, watu wao walipigana na kuuana katika mji wa Kyoto.

Yamao akaenda kwa wanafunzi wa Satsuma. Akawaelezea shida yake. Nao wakachanga: kila mmoja paundi 1. Zikafika paundi 16. Hawakuwa matajiri, nao pia walihesabu kila senti. Lakini walimwona kama mwanafunzi wa Japani, si kama mtoto wa adui. Wakati ule majimbo yao, kule nyumbani, yalikuwa yanaanza kuongea juu ya kuungana. Huku London vijana walikwisha kufanya kazi hiyo kwa mfuko wao.

Mwaka 1866 Yamao akafika Glasgow. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Napier, kama mwanagenzi, mikono kwenye grisi. Jioni alisoma kozi za usiku katika chuo cha Anderson's College. Mtoto wa samurai, mtu aliyezoea kubeba panga, anashika nyundo pamoja na wafanyakazi wa kawaida. Pale kiwandani aliona pia wafanyakazi viziwi wakiongea kwa ishara na kufanya kazi vizuri sawa wengine. Jambo hilo halikumtoka. Mwaka 1871, akiwa mkubwa serikalini, aliandika kuomba nchi ifungue shule kwa vipofu na viziwi. Hiyo haikuwa kwenye programu ya staji. Lakini ukikaa kazini kweli kweli, unaona vitu ambavyo mwongozaji hakupanga kukuonyesha.

Ubalozi mzima unaenda kwenye staji

Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ulianguka, na wale waliotoroka sasa wakawa serikali. Tarehe 23 mwezi wa 12, 1871, ujumbe mkubwa uliondoka Yokohama chini ya Iwakura Tomomi. Kulikuwa na viongozi karibu 50, na wanafunzi zaidi ya 50 waliopelekwa kuachwa katika shule za Marekani na Ulaya. Kati yao walikuwemo wasichana 5. Mdogo kuliko wote, Tsuda Umeko, alikuwa na miaka 6. Alilelewa na familia ya Charles Lanman karibu na Washington miaka 11 nzima, na mwaka 1900 akafungua Tokyo shule ya juu kwa wanawake, ambayo leo ni chuo kikuu.

Ujumbe wenyewe ulizunguka nchi nyingi. Uingereza, mwaka 1872, viongozi waliingia viwanda vya Liverpool, Manchester, Glasgow, Newcastle, Sheffield na Birmingham. Mtu mmoja, Kume Kunitake, alikuwa na kazi ya kuandika yote: chuma kinayeyushwa namna gani, wafanyakazi wanaishi wapi, makaa yanatoka wapi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1878 katika vitabu 5, na iliuzwa kwa watu wote. Sisi tunapeleka ujumbe nje kila mwezi. Ripoti zake tunazisoma wapi?

Mwezi wa 2, 1873, ujumbe huo ulifika Ubelgiji. Leopold II aliupokea. Wajapani waliangalia viwanda vya pamba vya Ghent na viwanda vya chuma vya upande wa Liège. Nchi ndogo kama Ubelgiji iliwavutia sana, juu ilisimama imara katikati ya mataifa makubwa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1885, huyo Leopold alifanya Kongo kuwa mali yake. Na mwaka huo huo wa 1885, Ito Hirobumi, yule aliyepiga deki kwenye meli, akawa waziri mkuu wa kwanza wa Japani. Mimi tarehe hizo mbili nikiziweka pamoja, sipati usingizi haraka. Ubelgiji ni ule ule. Mmoja aliuendea kama mgeni mwenye daftari, akachagua cha kuangalia. Mwingine uliletewa kwa bunduki.

Pale walipoteleza

Msifikiri kila mwanafunzi alikuwa sawa Yamao. Mwanzoni wengi walipelekwa kwa sababu ya ukoo, watoto wa wakubwa, na majimbo yalipeleka watu wao bila kupima. Wengine hawakujua lugha, wengine walitapanya pesa. Tunajua habari hizo, hazihitaji kutafsiriwa. Basi mwaka 1873 serikali ilikata msaada wa wengi na kuwaamuru warudi. Mwaka 1875 ilianza upya: wanafunzi wachache, waliochaguliwa kwa uwezo wa masomo, na pesa ikawa mkopo wa kurudisha. Mwenye kufanya hivyo alikuwa ameelewa kwamba pesa hiyo ilitoka kwa kodi ya mlimaji wa mpunga.

Jambo la pili lilikuwa kujenga shule nyumbani. Yamao alisimamia kuundwa kwa chuo cha uinjiniere cha Tokyo, Kobu Daigakko. Mkuu wake wa masomo akawa Henry Dyer, Mskoti asiyefikisha hata miaka 25, ambaye naye alisoma kozi za usiku za Anderson's College, Glasgow. Alifika 1873. Masomo yalikuwa ya miaka 6: miaka 2 ya msingi, miaka 2 ya ufundi wenyewe, na miaka 2 ya mwisho kazini, kwenye migodi, reli na viwanda vya serikali. Miaka 2 nzima ya staji! Haikuwa kibali cha kuombwa kwa magoti, ilikuwa sehemu ya diploma.

Tanabe Sakuro alitoka katika chuo hicho. Memwari yake ilikuwa juu ya kuchimba mfereji wa kutoa maji ziwa Biwa mpaka mji wa Kyoto. Alienda mwenyewe kupima njia milimani, akaumia mkono wa kulia, akamalizia kuandika na kuchora kwa mkono wa kushoto. Alipomaliza 1883, gavana wa Kyoto alimpa kazi hiyo hiyo aiongoze. Mwaka 1888, kazi ikiwa inaendelea, alitumwa pamoja na mwenzake Marekani kwa ziara. Walifika mpaka Aspen, Colorado, kwenye machimbo ya fedha, kuona namna maji yanavyozaa umeme. Waliporudi wakabadilisha mpango: maji yazungushe mashine za umeme. Mfereji ulimalizika 1890, kituo cha umeme cha Keage kikaanza 1891, na mwaka 1895 Kyoto ikawa na tramu za umeme. Ziara moja, kwenye machimbo ya mbali, ikawasha mji. Sisi wenye Inga, tunaosoma kwa mishumaa na tochi za simu, tumwangalie Tanabe huyo vizuri.

Kuna mwingine wa mambo ya migodi: Dan Takuma. Aliondoka na ujumbe wa Iwakura akiwa kijana mdogo, akasoma migodi katika chuo cha MIT, akamaliza 1878. Baadaye akaongoza machimbo ya makaa ya Miike, ambako maji yalijaa ndani, na akatafuta kwa Waingereza pampu kubwa za kuyatoa. Alifanikiwa. Lakini ukweli wote usemwe: Miike ilitumia pia wafungwa kuchimba, na watu walikufa mule. Tena nguvu zile Japani ilizozileta kutoka Ulaya ilizitumia kutawala wengine. Ito mwenyewe alipelekwa kusimamia Korea, na mwaka 1909 Mkorea alimuua kwa risasi. Kujifunza ufundi ni jambo moja, na kutumia ufundi kwa haki ni jambo lingine.

Na sisi?

Sisi pia tulikuwa na safari za masomo. Mwaka 1956 Patrice Lumumba, wakati huo karani wa posta Stanleyville, alikuwa kati ya Wakongo walioalikwa Ubelgiji kwa ziara ya masomo. Lakini tofauti ni kubwa. Programu ya ziara hiyo ilipangwa na mkoloni, kwa kuonyesha kile alichotaka kionekane. Mwaka 1960 uhuru ulipofika, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Mlango wa kiwanda ulikuwa wazi kwa mikono yetu, lakini si kwa vichwa vyetu.

Kisha Wajapani wenyewe wakaja kwetu. Kampuni ya Nippon Mining iliingia mkataba na nchi yetu mwaka 1967, na mwaka 1972 mgodi wa Musoshi, karibu na Kasumbalesa, ukaanza kutoa shaba. Wajukuu wa wale waliosimama kwa geti ya Bedford wamefika Katanga kama mainjiniere. Mimi sioni haya kwa hiyo. Naona paka kwamba njia ipo, na urefu wake ni wa miaka mia moja hivi.

Basi tukirudi kwa ulizo la mwanzo, nani alifungua geti, historia inajibu: hakuna mtu mmoja. Mfanyabiashara alitoa meli kwa faida yake. Profesa alitoa nyumba. Mwenye kiwanda alifungua kwa sababu aliona mteja. Serikali ilichelewa, ikakosea, ikarekebisha, ikaandika staji ndani ya sheria ya chuo. Na wanafunzi wenzake walitoa paundi 1.

Serikali yetu na makampuni ya migodi tuendelee kuwadai, ni haki yetu. Staji iwe sehemu ya masomo yenye mahali palipopangwa, si bahati ya mwenye mjomba. Lakini kuna kitu ambacho hakingojei waziri. Wengi wetu tuliomaliza tuko ndani ya ofisi, migodi, benki, hospitali na mashirika. Tunajua mlango wa nyuma na tunajua jina la mkuu wa wafanyakazi. Kila mmoja akichukua finalisti mmoja kwa mwaka, amwandikie barua, amlipie usafiri wa wiki mbili, amwonyeshe mashine, kisha amdai ripoti ya kweli ambayo wengine watasoma, hiyo ndiyo paundi yetu 1. Na tusiulize kwanza kijana huyo anatoka jimbo gani, wala baba yake anaongea lugha gani nyumbani. Wale wa Satsuma hawakumuuliza Yamao.

Na wewe finalisti, ukishaingia, usisimame kwa mlango kupiga picha. Uliza. Andika. Shika nyundo. Juu siku mgeni ataondoka, na mashine itahitaji mtu.